Pampu Haina Kosa

Nilifika nyumbani kwa mama Jumatano saa nne asubuhi nikiwa nimefura. Sikubisha hodi, sikusalimia. Nililitua sanduku la spana kwa kishindo, nikafungua boneti ya pikapu ya marehemu baba, na kabla sijaangalia chochote nikampigia simu Baba Mdogo.

"Njoo hapa kwa mama sasa hivi. Nataka uone kwa macho yako ulichofanya."

"Nakuja, mwanangu," akasema, akakata.

Hata upole wake uliniudhi.

Jana yake pikapu ilizimika katikati ya mlima wa hospitali, mama akiwa ndani. Figo za mama zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima alale karibu na mashine imsafishie damu, na akikosa zamu moja tu miguu inavimba mpaka viatu havimwingii. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Walikaa juani zaidi ya saa nzima, wakiwasha na kuzimikiwa, na walipofika juu kitanda kilikuwa kimepewa mgonjwa mwingine. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba Alhamisi saa mbili mama asikose, kwa sababu akikosa mara mbili mfululizo hali itakuwa mbaya. Gari la kukodi mama hataki hata kulisikia. "Mume wangu aliniachia gari," husema, na ukimbishia anageukia ukutani. Kwa hiyo pikapu ilikuwa na siku moja ya kupona.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuzimika mlimani ndani ya mwezi mmoja. Mara mbili za mwanzo Baba Mdogo alifunga pampu mpya ya mafuta, akapangusa mikono, akasema tayari. Tayari gani? Jumanne jioni niliingia gerejini kwake na kumwaga kila kilichokuwa mdomoni mwangu, mbele ya mafundi wake watano. Nilimwita muuaji. Yeye alikuwa anapangusa spana, akaendelea kupangusa.

Mtaani wanamwita Sikio. Hugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anatoa hukumu. Nilifanya kazi chini yake miaka sita, na miezi mitatu iliyopita nikaondoka kwa sababu ya vitambaa. Ndiyo, vitambaa! Gereji ile ina vitambaa saba vya kuzibia matundu wakati wa kazi ili vumbi lisiingie. Mama alivikata zamani kwenye shuka kuukuu la buluu, akashona namba kwa uzi mwekundu, na kila kimoja kina msumari wake ukutani. Namba tatu na namba nne vilikuwa vyangu. Kila jioni Baba Mdogo anavihesabu kwa sauti. Siku hiyo alipata sita. Akaniuliza namba tatu iko wapi. Akarudia. Akarudia tena, mteja akiwa amesimama pale. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea, nikabeba sanduku langu. Na hiyo ni sheria yake moja tu. Nyingine inasema kwamba palipofungwa na fundi mmoja, fundi mwingine hapafungui mpaka mwenyewe awepo. Sheria chungu nzima, na geji ya kupimia presha ya mafuta hana!

Alifika kwa miguu, kofia mkononi. Mama alikuwa barazani, miguu juu ya stuli.

"Shemeji, hujambo?"

"Iulize miguu," mama akajibu.

Baba Mdogo akaitazama ile miguu iliyovimba. Nikamwonyesha mahali pa kusimama.

"Leo hatusikilizi, Baba Mdogo. Tunapima."

Nilifungua njia ya mafuta karibu na injini, nikaunganisha geji yangu hapo katikati, nikakaza, nikawasha. Mshale ukapanda mpaka paundi arobaini, ukatulia. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, mshale ukabaki palepale.

"Pampu inaimba vizuri," akasema.

"Sijakuuliza."

Gari lilikuwa linazimika mlimani, si uwanjani, kwa hiyo nilililetea mlima. Niliinua mbele kwa jeki, nikaweka magogo chini ya magurudumu, nikabana pedeli ya mafuta injini iendelee kuvuta. Dakika ya saba mshale ukaanza kutetemeka. Thelathini na tano. Ishirini. Kumi na mbili. Injini ikakohoa mara mbili, ikafa.

"Ndivyo ilivyofanya jana," mama akasema kutoka barazani.

Tulisubiri dakika kumi, ikawaka bila kinyongo. Safari hii, mshale ulipoanza kushuka, niliubana kwa koleo mpira unaorudisha tangini mafuta yaliyozidi. Kama yangekuwa yanatorokea huko, presha ingepanda. Haikupanda. Nikafungua chujio, nikalipuliza kwa mdomo, pumzi ikapita bila shida. Nilichopata ni ladha ya petroli tu. Nikapima umeme unaofika kwenye pampu, nao ulikuwa kamili. Nikaibamiza spana chini, maana nilitaka iwe pampu. Nasema kweli. Nilitaka iwe pampu mbovu aliyoifunga Baba Mdogo, niitupe miguuni pake.

Kikabaki kipimo kimoja. Pampu ya pikapu hii iko nje, chini ya chesisi, inavuta mafuta kutoka tangini kwa bomba. Nililichomoa lile bomba, nikaunganisha mpira, nikautumbukiza kwenye dumu la petroli safi. Kama pampu ni mbovu itashindwa na dumu pia. Nikawasha, pua ya gari ikiwa bado juu. Dakika kumi, arobaini. Dakika ishirini, arobaini. Ningeiacha mpaka jioni isingetikisika.

"Pampu haina kosa," nikasema, nikazima injini.

"Hata ile ya kwanza haikuwa na kosa," akasema Baba Mdogo. "Iliungua kwa kuvuta hewa."

Nikageuka. "Kwa hiyo ulijua shida iko tangini?"

"Nilidhani."

"Ulidhani! Ukadhani, ukaona, basi, niwafungie pampu nyingine! Kwa nini hukufungua tangi?"

Akazungusha kofia mikononi. "Tangi ulifunga wewe. Ulipobadilisha boya la kupimia mafuta. Nilikupigia simu mara nne uje tufungue wote. Hukupokea. Pampu nilijua inaweza kumfikisha siku mbili tatu wakati nakusubiri."

Ni kweli alipiga. Kila mara niliona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Lakini wakati ule hilo halikunituliza hata kidogo. Nilipayuka mpaka majirani wakachungulia. Nilimwambia mama amekaa juani kwa sababu ya adabu zake za gereji, kwamba angevunja sheria yake moja ya kipuuzi kusingekuwa na mkasa wa Jumanne.

Kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia Baba Mdogo akipaza sauti. "Na kwa sababu ya kiburi chako! Ungepokea simu moja! Moja tu!"

Halafu, kwa kuwa tangi halishushwi na mtu mmoja, tukaingia wote chini ya gari. Tulifungua mikanda yake bila kusemezana, tukalishusha, tukamimina mafuta kwenye dumu. Skrubu tano za kifuniko cha boya bado zilikuwa zinang'aa. Nilizifunga mimi siku ile ile ya ugomvi, nikiwa na haraka. Nilizifungua, nikaingiza waya niliokunja ncha, nikapapasa, ukanasa kitu kilaini. Nikavuta.

Kilitoka kikichuruzika, kizito, cha buluu iliyopauka. Pembeni palikuwa na tatu ya uzi mwekundu.

Nilielewa yote kwa mpigo. Nililiziba tundu kwa kitambaa, kikatumbukia, nami nikafunga juu yake. Tangi lilipokuwa likijazwa kililala chini bila madhara. Siku hizi pikapu inatembea na nusu tangi, na gari likipanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma, kitambaa kinafuata na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikifa, bomba linaacha kuvuta, kitambaa kinajiachia. Hakuna aliyekuwa amekosea isipokuwa mimi. Miezi mitatu nilitembea mji mzima nikimcheka mzee anayehesabu vitambaa.

"Mmekuta nini?" mama akauliza.

Baba Mdogo alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alikipokonya, akakifumbata. "Kitambaa, shemeji. Nilikisahau mimi."

Hapo ndipo nilipotaka kupiga mtu.

"Usinibebee!" nikafoka. "Nani kakwambia unibebee?" Nikamfumbua vidole, nikapanda barazani petroli ikinidondoka, nikamwekea mama kitambaa mapajani. "Ni changu, Mama. Nilikiacha humo mimi."

Mama alipitisha kidole gumba juu ya uzi, taratibu, mara mbili.

"Jana nilimlaani shemeji yangu pale mlimani," akasema. "Nilimlaani kwa jina la mume wangu." Akanitazama. "Kesho utaniendesha wewe. Ukishanishusha, nenda gerejini. Ulimtukana mbele ya mafundi wake, basi mbele ya hao hao utasema." Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Na wewe! Ukiogopa tena kufungua tangi la kaka yako, nitalifungua mimi kwa shoka."

"Sawa, shemeji," akasema.

Tuliosha tangi, tukalirudisha. Mchana kutwa hatukuzungumza ila "shika" na "legeza".

Alhamisi niliifunga geji kwa kamba kwenye waipa ili niione nikiwa kwenye usukani. Tulianza kupanda mlima saa moja na nusu, nusu tangi kama kawaida. Mshale ulikaa arobaini mwanzo hadi mwisho. Mama hakuutazama hata mara moja. Alikuwa anakitazama kile kibanda cha pembeni ambapo Jumanne waliomba kivuli, na nilijua anataka nami nikitazame. Nikakitazama. Saa mbili kasoro kumi alikuwa kitandani, na muuguzi alikuwa anamtafuta mshipa.

Nilikwenda gerejini. Mafundi wote watano waliinua vichwa, na mmoja akazima redio. Baba Mdogo alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Kitambaa kilikuwa kwenye tangi la mama!" nikasema. Nilikuwa nimepanga kusema kwa upole njia nzima, lakini sauti ilitoka ileile ya juzi. "Nilikisahau mimi! Niliulizwa mara tatu, nikajibu kwa dharau! Mama alikosa kitanda kwa sababu yangu, na muuaji si yule niliyemtukana hapa!"

Wakatazamana.

"Sasa hapa unaomba radhi au unagomba?" mmoja akauliza.

"Vyote viwili!"

Baba Mdogo akatoka chini ya gari, akasimama kwa shida akishika kiuno. Akanyoosha mkono, nikampa. Nilikuwa nimekifua mara mbili na bado kilinuka petroli. Akaenda ukutani, akakitundika kwenye msumari uliokaa mtupu miezi mitatu, kisha akaanza kuhesabu, ingawa ilikuwa asubuhi na hesabu huwa jioni. Alihesabu pole pole, akigusa kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Saba," akasema, na sauti ikamkatika.

Nami nikaangua kilio pale katikati ya gereji, kwa hasira, machozi na kamasi, mbele yao wote. Vitambaa saba vilikuwa ukutani, na hakuna aliyethubutu kunipa hata kimoja cha kujifutia.