Kombe la Ghorofa ya Nne

Lifti ilikuwa imekufa tangu masika, kwa hiyo Severa na Celina walipandisha maji kwa ngazi, dumu moja moja, wakipokezana kila ghorofa. Bomba la chini lilikuwepo, tena lenye maji, ila Kitwana, msimamizi wa jengo, alilitia kufuli na ufunguo akauvaa shingoni. Alisema maji yale ni ya wapangaji. Severa akanunua ya mkokoteni pale barabarani, na muuzaji hakuona haya kumwambia kwamba ameyachota alfajiri kwenye bomba hilo hilo.

Siku hiyo ilikuwa ya majaribio. Severa alikuwa dada wa kazi Upanga kabla hajaamua kujitegemea, akaanza kusafisha nyumba za Kariakoo kwa ndoo moja na fagio la kuazima. Sasa alikuwa na leseni, fulana za kijani, na Celina, binti wa kwao Songea, ambaye alimtoa kwenye nyumba alikokuwa akilazwa jikoni. Lakini mteja wa leo yupo, kesho hayupo, hajengi biashara. Jengo zima ndilo lingewatoa. Mwenye jengo alikuwa ametamka kwamba mama yake, Bi Shamsa wa ghorofa ya nne, akiridhika, Severa atapewa ruhusa ya kufanya kazi jengo lote. Asiporidhika, hakuna kazi, na Celina atarudi kulala jikoni kwa watu. Severa hakumwambia hilo, lakini Celina alikuwa na macho.

Bi Shamsa aliitikia shikamoo zao kwa sauti ya chini. Mumewe, Mzee Ramadhan, alikuwa ndani na homa ambayo hospitali ilishindwa kuitaja jina. Akawaomba wasifanye kelele, wasiingie chumbani kwa mgonjwa, mengine yote ni yao. Akarudi ndani.

Wakafanya kazi kama watu wanaochunguzwa. Celina alifuta mapanga ya feni na nondo za madirisha. Severa alipofika kwenye meza ya chakula akafunua kawa, akakuta sahani nyeupe, tupu, imechoreka michirizi ya manjano iliyokauka. Akadhani ni mabaki ya biriani. Tena alifurahi, maana doa gumu ndilo linalomtangaza fundi. Kuuliza si ujinga, na hilo Severa alilijua, ila siku ya majaribio mtu huogopa kuonekana hajui. Akaipeleka jikoni, akaisugua kwa sabuni na waya wa masufuria mpaka ikang'aa.

Bi Shamsa alitoka na chupa ya marashi mkononi, akafunua kawa.

"Kombe langu liko wapi?"

Severa hakulijua neno hilo, lakini alilijua jicho lile. Akaonyesha sahani kwenye kichanja cha vyombo. Bi Shamsa aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaeleza kwa maneno machache kwamba mwalimu wa madrasa alikuja baada ya swala ya alfajiri, akaandika aya kwa zafarani. Zilikuwa zisuuzwe kwa marashi, mgonjwa anywe.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikwisha kushuka na bomba la sinki. Severa aliona aibu mbele ya mama yule na hofu mbele ya Mungu, kwa pamoja. Celina alimtazama, na uongo ulikuwa karibu sana, kwani hata paka wa kusingiziwa alikuwepo pale mlangoni.

"Nimeliosha mimi, mama. Nilidhani ni mabaki ya chakula. Nisamehe."

Bi Shamsa akaketi.

"Kwenu mgonjwa anafanyiwa nini?"

"Padre anamwombea, anampaka mafuta."

"Mafuta hayo ungeyamwaga?"

"Nisingeyamwaga, mama."

"Basi siku nyingine uliza, mwanangu. Malizia nyumba."

Severa akasugua vigae vya bafuni huku machozi yakimtoka. Kitwana akapigiwa simu, akatumwa kumfuata mwalimu aje aandike upya. Walipoaga, Bi Shamsa alisema atamwambia mwanawe kwamba nyumba imetakata.

Kitwana aliwasubiri chini, mgongo ukiwa kwenye bomba lake. Kumfuata mwalimu kulimpa habari yote, na habari kwa Kitwana ni bidhaa.

"Bosi ataruhusu, sawa," alisema. "Lakini kila mpangaji ana mlango wake, dada. Wakisikia kuna watu wanaosha maneno ya Mungu kwa sabuni, nani atawafungulia?"

"Bi Shamsa amenisamehe, kaka."

"Amekusamehe yeye. Mimi nataka malipo tugawane pasu kwa pasu, kila nyumba, kila mwezi. Halafu sijaona, sijasikia. Mjini hapa."

Severa aliutazama ule ufunguo kifuani mwake. Maji amekwisha kuyauza, sasa anauza ukimya. Na ukimya haununuliwi mara moja, utalipiwa mpaka siku ya kufa. Akaokota ndoo. Celina akageukia barabarani, akidhani wanaondoka, lakini Severa alirudi ngazini.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mwanamke mwenye mtoto begani.

"Naitwa Severa. Nafanya usafi wa nyumba. Leo nimekosa, nimeosha kombe la Bi Shamsa kwa sabuni kwa kutojua. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine."

Mwanamke alimtazama usoni, akaitazama ndoo, akarudisha mlango polepole. Komeo likaingia. Chini, Kitwana akacheka.

Severa alibaki ameukabili ule mlango. Ndipo Celina, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akampita, akaenda kugonga mlango wa pili.