Unga wa Jiwe Jeusi

Krrr, krrr, krrr. Jogoo hajawika, na ndani ya tembe la Mazengo jiwe lilikuwa likisaga gizani. Priska, mtoto ambaye hata miaka mitano hajaitimiza, alijigeuza kwenye ngozi ya ng'ombe akajua mama ameamka. Loisi alikuwa amepiga magoti, anasukuma, anavuta, anasaga uwele wa mwisho uliobaki kwenye kilindo, lile pipa la magome wanalowekea nafaka.

Jiwe la mkononi lilikuwa jipya. Mumewe, Mazengo, alilileta kutoka kwenye shimo la ulanga, anakowachimbia Wadachi yale mawe yanayong'aa na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Lilikuwa jeusi tii, dogo kama kiatu cha mtoto, lakini zito ajabu. Katika vilima vile vya kati ya Mpwapwa na Mlali kila mwanamke alikuwa analitaka la kwake, maana uzito wake ulifanya nusu ya kazi. Unga ulitoka na rangi ya majivu, ukakwaruza meno kidogo. Wanawake wakaambiana, "Ni jipya, bado linajinoa. Litaacha."

Ilikuwa miaka michache kabla Wazungu hawajaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliotangulia mvua iligoma, na Loisi alimzika kifungua mimba wake, Yoramu, akiwa mwepesi kama fungu la nyasi. Mwaka huu shamba lao lilikuwa limebeba. Lilikuwa chini kabisa ya shimo, pale mvua inaposhusha udongo wote uliotupwa na wachimbaji, na majani ya uwele yalikwisha kukauka. Lilibaki jua la wiki moja masuke yakomae. Kila Loisi alipolitazama shamba lile, aliona mdomo wa Priska ukitafuna.

Kulipokucha akaja mnyapara Mustapha, kiboko begani, nyuma yake wanaume wanne na majembe. Hakupiga hodi. Aliingia katikati ya uwele akiukanyaga.

"Mama Priska, mbukwa! Leo shamba lako limeolewa."

"Limeolewa na nani?"

"Na Bwana Mawe. Amesema mawe meusi yako mpaka humu. Kateni yote, chimbeni mpaka kiunoni!"

"Mnyapara, haujakomaa. Nipe wiki moja tu. Nakushika miguu."

"Miguu yangu ina vumbi, utachafuka bure."

Wale wanaume walisita. Walikuwa majirani, walijua kaburi la Yoramu liko wapi. Mustapha aliinua kiboko. Alimchapa wa kwanza usoni, ngozi ya shavu ikafunguka kama tunda, na yule mtu akainua jembe huku damu ikimtiririka kidevuni. Mistari ya kwanza ya uwele ikalala.

Loisi akaenda akajilaza mbele ya jembe.

Kiboko kilimshukia begani, kikashuka tena, cha tatu kikampasua sikio. Hakuinuka. Alishika mabua kwa mikono miwili, kila pigo akiyakumbatia zaidi, na Priska mlangoni akapiga ukelele uliofika hadi shimoni. Mazengo akaja mbio akiwa na mpini wa sururu. Alimpiga Mustapha mdomoni mara moja, meno yakatoka pamoja na damu. Alikuwa ameuinua mpini tena, askari wa Wadachi walipomwangusha kwa vitako vya bunduki.

Walimfunga juu ya gogo mbele ya hema la Bwana Mawe. Adhabu ilikuwa ile ile iliyojulikana nchi nzima, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mazengo aling'ata gogo mwanzoni. Halafu akaanza kumwita mama yake, ambaye alikwisha kufa zamani. Mwishoni kiboko kilikuwa hakipigi ngozi tena, kilipiga nyama mbichi, na kila kilipoinuka kiliwarushia damu waliolazimishwa kusimama pale watazame.

Walipomfungua, Loisi alimwachia jirani yake Dorkasi mtoto, akaenda moja kwa moja hemani. Damu ya sikio ilikuwa imegandia shingoni.

Bwana Mawe, Mdachi mwenye ndevu nyekundu, alikuwa ameinamia meza yake. Jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka.

"Bwana," Loisi alisema, "umemchapa baba wa mtoto wangu. Basi niachie chakula cha mtoto. Wiki moja."

Yule Mzungu aliinua kichwa. "Wewe ndiye unayemuuzia mpishi wangu unga?"

"Ndiye mimi."

"Ah! Njoo, njoo uone!" Akawa na furaha kama mtu aliyepata mgeni. Alitoa sandukuni vioo vya kupigia picha, akainua cha kwanza kwenye mwanga. "Kioo hiki nilikifunga kwa karatasi nyeusi, nikaweka juu yake jiwe lenu jeusi, nikafungia ndani ya sanduku. Hakuna jua wala taa. Tazama, jiwe limejichora lenyewe. Lina moto usioonekana."

Loisi aliona umbo la jiwe, kama kivuli kilichobaki mwenyewe akiwa ameondoka.

"Na hiki ni unga wako."

Kioo cha pili kilikuwa na vidoa vingi vidogo, kama nyota za kiangazi.

"Hiki udongo wa shamba lako. Vidoa tena! Na hiki, majivu ya uwele wako wenyewe, nilioung'oa shambani nikauosha. Huu ulikaa sandukuni muda mrefu sana."

Cha mwisho hakikuwa na vidoa. Kilikuwa na ukungu tu, mwembamba kama moshi wa jirani anayepika mbali.

"Bwana, unafurahia nini?"

"Kwetu Ulaya watu wanalipa wanywe maji yenye kitu hiki! Dawa!"

Alinyoosha mkono kuchukua kiko chake, na hapo Loisi akaona vidole viwili vimefungwa kitambaa chenye usaha.

"Na vidole?"

"Hivi? Si kitu. Kule kwetu nilishika kichupa cha kitu hiki, kilichochujwa kikawa kikali. Kimeniunguza. Mwaka sasa haviponi."

"Kilikuunguza bila moto?"

"Bila moto."

"Sasa tumboni mwa mtoto kinafanya nini?"

Bwana Mawe alivipanga vioo vyake taratibu. "Hilo hakuna aliyelipima," alisema. Halafu, bila kumtazama, "Haya, chukua wiki yako. Vuna. Udongo hauna miguu."

Loisi alikuwa amepewa alichokiomba. Alishuka kilima amekishika kifuani, na kila hatua kilizidi kuwa kizito.

Nyumbani alikuta majirani wamejaa uani na visu vyao vya kuvunia. Habari ya wiki ilikuwa imemtangulia. Mazengo alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya majani, inzi wakimtembelea mgongoni. Dorkasi alikuwa amechoma masuke kwenye makaa, anayapukuchua viganjani, anapuliza, anamlisha Priska.

"Kula, mama, kula. Huu ni wa shamba lenu."

Loisi aliupiga ule mkono, punje zikatawanyika. Akamshika mtoto taya, akaingiza kidole mdomoni mwake akakokota kila kilichokuwamo. Hakuwahi kumshika mwanawe hivyo. Priska alilia mpaka sauti ikakatika.

Dorkasi akamtandika kofi. "Umerogwa? Unamnyang'anya mtoto chakula mdomoni?"

"Moto wa lile jiwe umo! Umo kwenye unga, umo kwenye udongo, umo ndani ya punje! Nimeuona kwa macho yangu!"

"Umeona nini? Uwele si uwele? Mbona sisi hatujafa?"

"Mnangoja mfe?"

Hakungoja jibu. Alichomoa kijinga cha moto jikoni akakimbilia shambani. Mazengo, mtu aliyekuwa hawezi kugeuka, aliinuka. Alimkuta katikati ya mabua, akamshika nywele akamwangusha, wakagaagaa, mgongo wake ukafunguka upya na damu ikamlowesha mkewe uso mzima. Akampiga ngumi ya mdomo.

"Mmoja amekufa na njaa! Unataka kumuua na huyu?"

"Huyu hafi!" Loisi alimng'ata mkono. "Mzungu vidole vyake vinaoza, Baba Priska! Aliushika tu ule moto! Aliushika tu, hakuula!"

Ngumi ilikuwa imeinuliwa tena. Ikabaki juu. Mazengo alikuwa akiyabeba yale mawe meusi yaliyochaguliwa kwenye mfuko wa ngozi, siku zote upande mmoja wa nyonga, na pale mfuko ulipogusa palikuwa na kidonda chekundu kisichokauka. Siku zote alilaumu mshipi. Sasa alipeleka mkono pale, akapapasa.

Akamwachia.

Moto ulipanda majani makavu kwa sauti ya nguo inayochanwa. Majirani waliwarushia madongoa na matusi. Dongoa moja lilimpasua Loisi paji la uso. Mustapha alisimama mbali na kitambaa mdomoni, akicheka kwa uchungu. "Athante, Mama Prithka," alisema kwa meno yaliyobaki. "Umetupunguthia kathi ya kukata."

Waliondoka kabla moshi haujaisha, Loisi na Priska mgongoni, Mazengo nyuma kwa fimbo, kuelekea Mlali kwa mjomba. Hawakuwa na hata konzi ya nafaka. Walilala porini. Kesho yake mchana, mbali na vilima vya ulanga, waliona moshi wa jiko. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa Kondoa aitwaye Mwanne. Alitazama mgongo wa Mazengo, akatazama uso wa Loisi, akasema tu, "Kaeni." Akaleta uji katika kibuyu kilichokatwa mdomo mpana.

Priska alikishika asinywe. Alimtazama mama yake, mabega yameinama akingoja mkono.

"Huu uwele umetoka wapi, bibi?" Loisi aliuliza.

"Hapo nyuma ya nyumba. Ningeutoa wapi?"

Loisi aliuangalia udongo wa pale nyuma, mwekundu, usiong'aa. Hakuwa na kioo cha kuupimia. Alimpangusa mtoto machozi kwa kidole kile kile cha jana. "Kunywa, mwanangu."

Priska alikunywa mpaka kichwa chote kikazama kibuyuni. Kisha akakigeuza, akakipigapiga chini, akamwinulia mwenye nyumba.

"Bibi, naomba tena."