Ulimi wa Fatu

Sabuni iliyozidi kostiki, ile dawa kali inayogandisha mafuta, unaijua kwa ulimi. Unaigusa kwa ncha tu. Kama haijaiva inakurusha kama betri ya redio, unatema, unasukutua, unairudisha mezani ikae. Mimi na Fatu tunatengeneza sabuni uani kwangu hapa Ngombezi tangu tulipoacha kazi ya mkonge, sabuni ya mafuta ya nazi na mwarobaini, na siku zote mlambaji ni Fatu. Mimi Hilaria kazi yangu kukoroga. Mkono wangu hauchoki, na mdomo wangu ndiyo kabisa.

Basi Ramadhani hii tulikuwa na sabuni ya sikukuu, imekaa mezani wiki zake, imekauka vizuri. Nikamwambia Fatu, "Mama Shamimu, leta nilambe mimi. Mimi sifungi."

"Wewe?" akacheka. "Wewe hata chumvi kwenye mboga huisikii. Nitalamba mwenyewe nikishafuturu."

Niliudhika, sifichi. Miaka yote tunashirikiana, leo ulimi wangu umekuwa gogo! Lakini nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa. Jioni nikampelekea kipande kwake. Akafungua kwa tende, akanywa uji wa pilipili manga unaofuka moshi, akashushia na chai ya tangawizi. Ndipo akakigusa kile kipande kwa ulimi.

"Imeiva," akasema. "Mche wa kwanza ni wa mjukuu wangu."

Mjukuu huyo ni Adamu, mtoto wa kwanza wa Shamimu, binti yake Fatu aliyeolewa Kabuku. Fatu alikuwa ameweka ahadi: siku ya arobaini, mtoto akishanyolewa nywele za tumboni, ataoga kwa sabuni ya mkono wa bibi yake. Alisema hana ng'ombe wala cherehani ya kumpa, ana sabuni. Akaufunga ule mche kwenye kipande cha khanga, akampa konda wa basi, ukafika salama.

Asubuhi ya hiyo arobaini nilikuwa uani napunguza kingo za miche iliyobaki. Nikaokota kipande kilichoanguka, nikakilamba, basi tu, mazoea ya kukaa na Fatu. Yesu na Maria! Kilinirusha kichwa nyuma. Nikatema. Nikalamba mche mwingine, nao ukaniuma. Nikakata wa katikati kabisa ya meza, na huo vilevile. Nikabaki nimesimama, mate yamejaa mdomoni, najiuliza Fatu alilambaje. Ndipo nikaukumbuka ule uji.

Nilikimbia bila viatu. Nikamkuta Fatu anatwanga mchele wa vitumbua vya kupeleka Kabuku.

"Sabuni inauma," nikamwambia.

"Haiumi. Si nililamba mbele yako?"

"Ulilamba umetoka kunywa uji wa moto, Mama Shamimu! Na tangawizi juu yake! Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, ungesikia nini?"

Mchi ulimtoka mkononi. Hakubisha. Alisema neno moja tu, "Wembe," na mimi nikaelewa. Kichwa cha mtoto mchanga, kimetoka kunyolewa muda uleule, utosi bado unapumua, halafu upake kostiki. Na ikishuka machoni je?

Tukapiga simu ya Shamimu, haipatikani. Ya mumewe Awadhi, inaita mpaka inakata. Nikamwita Ponsiano wa bodaboda, tukapanda wawili mpaka Korogwe, tukadandia basi la kwanza linaloshuka Segera na kupita Kabuku. Fatu aliketi dirishani, anasoma dua, midomo haitulii. Mimi maneno yalikuwa yamenijaa kooni: si nilikwambia nilambe mimi? Si nilikwambia? Nikamtazama anavyoomba, nikayameza. Yalipita kwa shida.

Kabuku tulianza kumsikia mtoto kabla hatujaiona nyumba. Analia kile kilio cha kukatika pumzi. Fatu akaketi chini pale uchochoroni, nikamshika kwapani, nikamkokota. Hodi hatukupiga.

Ndani wanawake wamejaa mkekani. Shamimu amempakata Adamu, kichwa kimenyolewa, kinang'aa, hakina hata kipele. Alikuwa analia njaa. Akapewa ziwa, akanyamaza.

"Mmemwogesha na nini?" nikauliza, hata shikamoo sikutoa.

Shamimu akatazama chini. Aliyejibu ni Bi Hafsa, mama yake Awadhi. "Na sabuni ya dukani," akasema, kisha akamgeukia Fatu. "Mkwe wangu, unisamehe. Ile yako nimeitupa kwenye ndoo ya taka. Watu wanasema mwenzio wa huko Ngombezi anatia mafuta ya nguruwe. Mjukuu wangu nimtie najisi siku yake kubwa? Sikuweza."

Hakunijua. Mwenzake Fatu ndiye mimi niliyesimama mbele yake.

Jamani, niseme nini? Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nilitaka kumrukia yule mama. Matusi yake ndiyo yaliyomwokoa mtoto! Nguruwe! Mimi ninayesubiri mpaka Fatu ahakikishe kila kopo la mafuta kwa macho yake! Nikamtazama Fatu aseme. Akainamisha kichwa. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kwake: mtoto mzima, kosa lake hakuna anayelijua, la nguruwe limeshapata mwenyewe. Akinyamaza tu, yamekwisha.

Fatu akainuka. Akaenda kwenye ndoo ya taka, akautoa ule mche, akaupangusa maganda kwa upindo wa khanga. Mchana kweupe, mbele ya wakwe zake wote, akaugusa kwa ulimi.

Macho yakamjaa maji. Akakimbilia mlangoni, akatema.

"Astaghfirullahi!" Bi Hafsa akapiga kelele. "Mkwe, si umefunga?"

"Nimefunga," Fatu akasema. "Na sabuni hii inauma. Ingemchuna mtoto kichwa kizima. Humu hamna nguruwe, na haijawahi kuwemo. Nililamba vibaya mimi, mwenzangu alitaka kulamba nikamkatalia, nikamcheka. Na aliyegundua leo, akanileta hapa mbio, ni huyu. Huyu ndiye Hilaria wa Ngombezi mnayemsema."

Wanawake wakaitazama miguu yangu isiyo na viatu. Bi Hafsa hakuomba radhi, na mimi sikuisubiri. Aliniletea kigoda, akakiweka, akaondoka bila kunitazama.

Mimi nilitoka nje na kata ya maji. Fatu alikuwa amechuchumaa ukutani, ulimi unamwaka. Nikammiminia viganjani. Akasukutua, akatema, akasukutua tena, akatema yote. Kwa jua lile na koo lile hakumeza hata tone.

"Hilaria," akasema, "kuanzia leo unalamba wewe."

Nilitaka kumrudishia lile neno lake la chumvi kwenye mboga. Sikuweza, nilikuwa nalia.