Mzee wa Juu ya Paa

Fundi Sibanduki alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na yote yalitoka kwenye sinema moja. Redio ikitangaza kwamba wabunge wanataka kumwongezea rais muhula, atasimamisha cherehani, atavua miwani na kumsimulia mteja habari za mzee aliyesimama juu ya paa. Kodi ikipandishwa, mzee wa juu ya paa. Mwanasiasa akihama chama, mzee huyo huyo. Mteja kaja kupunguziwa kiuno cha suruali, anaondoka kapewa siasa ya mwaka mzima, na suruali bado.

Sinema yenyewe aliiona ujanani, kwenye ukumbi wa video wenye mabenchi ya mbao. Ilikuwa ya nchi ya mbali. Serikali inataka kujenga bwawa, bonde zima lihame. Lugha hakuna aliyeielewa, ila mbele alikaa kijana mmoja aliyeitwa Kipaza, na maikrofoni mkononi, akiwatafsiria watu. Askari walipofika, mzee akapanda juu ya paa lake, na Kipaza akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Waambieni waliowatuma, mimi hapa sibanduki!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Fundi alitoka pale machozi yakimtiririka, akairudia kauli hiyo mpaka watu wakaifanya jina lake.

Sasa halmashauri ilipotangaza mwaka jana kwamba safu ya mafundi itabomolewa kupisha barabara, na kila mtu atapewa chumba katika jengo jipya, unadhani nani alikuwa wa kwanza kukataa? Wengine wakamfuata. Aliyemfuata kwa moyo wote ni Dada Vifungo, muuza vifungo na zipu wa meza ya jirani, mwenye miguu inayovimba. Alikuwa ameshapangiwa chumba cha chini kabisa, karibu na mlango. Akairudisha fomu bila kuijaza. Vya chini vikaisha, vikabaki vya ghorofa ya tatu, na Alhamisi ndiyo ilikuwa kura ya mwisho: wahame, au wagome wabomolewe na vitu vyao ndani.

Jumanne ya wiki hiyo binti yake Fundi alimletea zawadi.

"Baba, nimeipata ile sinema yako. Na ina maandishi ya Kiswahili chini."

Wakaketi sebuleni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Fundi anatabasamu kama bwana harusi. Askari wakafika. Mzee akapanda juu ya paa. Fundi akavuta pumzi, tayari kusema naye. Maandishi yakatokea: Huko mnakotupeleka, maji yapo? Askari akajibu yapo. Mzee akasema: Basi ngojeni nivae viatu.

"Rudisha nyuma," Fundi alisema.

Binti akarudisha. Mzee akaomba viatu tena.

"Wameibadilisha hawa!"

"Akina nani, baba?"

"Serikali."

"Serikali yetu na sinema ya watu, wapi na wapi?"

Kilichomvuruga ni kwamba picha zilikuwa zile zile. Askari anamshika mzee mkono: Kipaza alisema anaburutwa, kumbe anasaidiwa kushuka ngazi. Mzee amelala chali mwishoni: Kipaza alisema amekufa shujaa, kumbe amejinyoosha kwenye baraza ya nyumba mpya. Mguu mmoja ukainuka, ukajikuna kwenye mwingine. Huyu ndiye mtu ambaye Fundi alikuwa amemlilia miaka thelathini.

Siku ya pili yake alifunga kazi mapema akaenda kumtafuta Kipaza, ambaye siku hizi ni kinyozi. Alimkuta anasafisha kwa mswaki mashine zake za kunyolea.

"Lugha ile?" Kipaza alicheka. "Fundi, hata salamu yake sikuijua. Nilikuwa naangalia nyuso, natia maneno."

"Lakini yale ya sibanduki uliyatoa wapi?"

"Nilisema hivyo? Sikumbuki. Labda watu walikuwa wanasinzia."

"Na hili la kuhama? Wewe unalionaje?"

"Hata hapa pangu panapisha barabara; mimi nimeshachukua chumba kule. Kina bomba lake." Akapuliza nywele kwenye mashine. "Kaa basi nikupunguze hizo za masikioni."

Fundi alirudi nyumbani. Alijaribu kuyapitia maoni yake moja baada ya jingine, ya muhula, ya kodi, ya barabara, na kila alipofunua chini yake alimkuta mzee anayetafuta viatu. Pengine alikuwa sahihi kwa bahati. Pengine alikosea tangu mwanzo. Aliona aibu, kisha hasira, kisha hakujua amkasirikie nani.

Alhamisi mchana mafundi wote walijaa kwenye korido ya safu yao. Mwenyekiti wao, mshona mapazia, akampa Fundi nafasi ya kwanza, kama kawaida. Watu wakatulia wakiisubiri kauli.

"Ndugu zangu," alisema, "ile sinema nimeirudia. Mzee alihama. Alivaa viatu, akahama."

"Amepewa nini huyu?" sauti ikatoka nyuma.

"Amenunuliwa!"

"Ngojeni kwanza," mwenyekiti alisema. "Fundi, sinema tuiache. Wewe unasemaje? Tuhame, tusihame?"

"Sijui," alisema Fundi, na akakaa. Wengine walicheka, wengine wakasonya. Minong'ono ikaanza: kama Sibanduki mwenyewe hajui, wao wanagomea nini?

Akamwinamia Dada Vifungo aliyekaa kando yake. "Dada, nisamehe. Nimekupotezea chumba kwa maneno ya uongo."

"Maneno gani?"

"Ya yule mzee."

"Kaka, mimi hiyo sinema sijawahi kuiona hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nakuona wewe."

Fundi alitaka kumjibu, lakini mwenyekiti alikuwa ameshasimama. "Wanaokataa kuhama, mikono juu!"

Mkono wa Dada Vifungo ukapanda. Watu wakageuka kumtazama.

"Shusha, dada," Fundi alimnong'oneza. "Mimi sina uhakika tena."

"Mimi ninao," alisema bila kumwangalia.

Fundi akayatazama mapaja yake, akautazama mkono ule hewani. Kisha akaunyanyua wake, asijue kama anakataa kuhama au anakataa kumwacha peke yake. Mwenyekiti akahesabu mmoja, akahesabu wawili, akawangoja wengine. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.