Wastani wa Walionyamaza

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwezi wa Juni. Upepo wa moto kutoka jangwani ulikuwa umeingia Tunis tangu alfajiri. Anga ilikuwa na rangi ya mchanga, na madirisha ya ofisi iliyokuwa ghorofa ya nne yalikuwa yamefungwa yote. Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa katika chumba cha Daktari Chedly, mkuu wa ofisi.

Dalenda Gharsalli aliketi katika chumba cha nje, akifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio wake. Mkabala naye aliketi Skander, kijana aliyesomea Ufaransa na kurudi na viatu vizuri. Skander hakuwahi kufika Bir Sahla. Alisema kwamba jambo hilo lilimsaidia kufikiri.

Bir Sahla ni mji wa migodi ya fosfeti, mbali kusini, na Dalenda alizaliwa huko. Mji ule ulikuwa na visima viwili vya maji yanayonyweka. Kimoja Kampuni ya migodi ilikwisha kukichukua kwa ajili ya kuoshea fosfeti. Sasa ilikuwa inakitaka cha pili. Benki iliyokuwa tayari kuikopesha Kampuni iliweka sharti moja: wenyeji waulizwe, na ripoti ioneshe kwamba wameridhika. Ofisi ya Daktari Chedly ilipewa kazi ya kuuliza.

Aliyekwenda kuuliza alikuwa Dalenda. Alikuwa na shahada ya uzamili ya sosholojia, na miaka mingi ya kukaa nayo nyumbani. Alipita mlango hadi mlango, mkononi ana hojaji na kinasa sauti. Katika Mtaa wa Chini, wanakoishi wenye mishahara ya Kampuni, watu waliipa Kampuni alama bila kusita. Katika ngazi ya kuridhika, moja hadi tano, walisema nne, walisema tano, na walipokuwa wakisema walitazama mlangoni.

Katika Mtaa wa Juu wanaishi walioachishwa kazi, pamoja na wajane wa mgodi. Hao walikuwa wamekubaliana, baada ya swala ya Ijumaa, kwamba hakuna atakayetamka namba.

"Mwizi hapewi maksi," Hafsia, jirani wa mama yake, alimwambia. "Ukishampa maksi, hata ukimpa sifuri, umemkubali kuwa mwanafunzi wako. Kunywa chai, mwanangu."

Dalenda alikunywa chai katika kila nyumba. Alikula mkate na mafuta ya zeituni. Hojaji zao zilirudi na nafasi tupu kutoka juu hadi chini. Naye aliwaambia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni, kwamba nafasi tupu nayo ni jibu: mchanganuzi mwaminifu hulazimika kueleza kwa nini iko tupu.

Mama yake, Mabrouka, mjane wa mgodi, naye hakutoa namba. Lakini alizungumza kwenye kinasa sauti, kama mama anavyozungumza na mwanawe.

Jumatatu hiyo ilikuwa ya kikao cha maafikiano. Kanuni ya kazi yenyewe ni nyepesi. Watu wawili husoma mahojiano yaleyale, kila mmoja kivyake, na kubandika lebo kwenye kila kauli: hii ni hofu, hii ni tumaini, hii ni lalamiko. Kisha hukutana. Wanapotofautiana, hujadiliana mpaka waafikiane. Maafikiano yakiwa makubwa, kazi huitwa ya kisayansi. Benki ilitaka wawe wameafikiana katika kauli nne kati ya kila tano. Wao hawakuwa wamefika nusu.

"Tuendelee," alisema Skander, akasoma kwenye kioo. "'Alhamdulillahi, tunakunywa. Tutakunywa nini kingine, mate yetu? Maji yenyewe yana chumvi hata chai inayakataa.' Hapa nimebandika Kuridhika."

"Umebandika nini?"

"Kuridhika. Amemshukuru Mungu."

"Skander, ndugu yangu. Shangazi yako akivunjika mguu, ukimuuliza hali, atakujibuje?"

"Shangazi yangu anaishi Lyon."

"Haya, avunjikie hukohuko Lyon."

"Atasema anaumwa."

"Kwetu mtu humshukuru Mungu kwanza, ndipo akueleze kilichomuua mwanawe. Na wewe ni Mtunisia, unajua."

"Hilo haliko kwenye maandishi," alisema Skander. "Mimi nabandika kilichoandikwa. Wewe unabandika unachokijua." Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemwonesha mwenzake doa kwenye nguo. "Tena, huyu si mama yako? Nimeona jina kwenye faili."

Dalenda alifungua lebo zake. Kwenye kauli ile yeye alikuwa amebandika Hasira.

Mlango wa ndani ukafunguka. Baridi ilitangulia kutoka, kisha akatoka Daktari Chedly na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa daktari wa takwimu. Hakuwahi kumponya mtu, na alipenda sana kuitwa Daktari. Aliinama juu ya bega la Dalenda.

"Vijana wangu, tumefika wapi? Hasira. Nani ameweka hasira hapa?"

"Mimi, Daktari."

"Binti yangu, hasira si matokeo. Hasira ni hali ya hewa. Leo upepo, kesho shwari. Utaiambia nini benki? Kwamba kulikuwa na upepo?"

"Wamesema wenyewe, Daktari. Mmoja amesema atalala kwenye mtambo wa kisima wapite juu yake."

"Kwa nini alale hapo?"

"Anataka maji."

"Umeona? Anataka kitu. Mwenye kutaka kitu ana matarajio." Daktari alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza mara mbili, na hasira yote ya Bir Sahla ikahamia kwenye lebo ya Matarajio. Mistari iliyokuwa myekundu ikawa ya kijani. "Lebo ndogondogo huunganishwa na kubwa. Hamkufundishwa hilo huko chuoni kwenu?"

"Tulifundishwa kuunganisha zinazofanana."

"Basi zifananishe."

Skander alicheka. Daktari naye akacheka, akanywa kahawa. Kiwango cha maafikiano, chini ya kioo, kilikuwa kimepanda.

Dalenda alifungua jedwali la namba. Alikuwa ameliona asubuhi, na alikuwa amengoja aliseme mbele ya mkubwa.

"Daktari, na Mtaa wa Juu?"

"Mtaa wa Juu una nini?"

"Ijumaa nilipoondoka walikuwa na nafasi tupu. Leo wote wana nne. Nyumba kwa nyumba."

"Ni mimi," alisema Skander. "Nafasi tupu hujazwa kwa wastani wa waliojibu. Ni njia inayojulikana dunia nzima, Dalenda, sikuibuni mimi."

"Hiyo ni ya mtu aliyesahau kujibu. Hawa hawakusahau. Walikataa."

"Kompyuta haijui tofauti."

"Mimi ninaijua. Nilikuwapo. Nilikunywa chai yao."

"Hapo sasa," alisema Daktari Chedly, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alivuta kiti akaketi. "Hapo ndipo penye ugonjwa. Ulikunywa chai yao. Wewe ni wa huko, binti yangu. Ulipoandika kuomba kazi ulitaja jambo hilo kwenye mstari wa kwanza, na sisi tulifurahi, kwa sababu nani mwingine angefunguliwa milango ile? Lakini mlango ukishafunguka, kazi ya ufunguo imekwisha. Sasa tunahitaji macho yasiyo na jamaa. Hayo ndiyo yanayoitwa kuepuka upendeleo."

"Basi tuandike mstari mmoja tu: Mtaa wa Juu walikataa kujibu."

"Kukataa hakuna namba."

"Basi tuwaondoe. Tuseme hatuna majibu yao."

"Nikiwaondoa, sampuli inapungua. Benki imelipia mji mzima, mimi niipelekee nusu? Mimi si mchuuzi wa samaki." Alisimama. "Wamo, na wana nne. Nne si mbaya. Wangetaka tatu wangesema."

Adhuhuri simu ya Dalenda ililia. Alikuwa kwenye ngazi, na bakuli la dengu zilizokolea pilipili juu ya magoti.

"Umekula?" aliuliza mama yake.

"Nakula, Mama."

"Huko kuna upepo? Huku hatuoni hata msikiti. Sikiliza. Hafsia hanipi nafasi. Kila asubuhi: mwanao amesemaje, wametuandika vipi? Nimemwambia mwanangu yumo humohumo ndani, haliwezi kupita jambo asilione."

"Bado tunachanganua, Mama."

"Mnachanganua nini? Si tulinyamaza tu?"

"Hata kunyamaza kunachanganuliwa."

"Haya, elimu yenu hiyo," alisema Mabrouka, naye alisikika ameridhika na neno hilo. "Basi muwaambie tumenyamaza sana."

Saa tisa Daktari alimwita chumbani. Kulikuwa na baridi nzuri. Mezani palikuwa na cheti cha maafikiano, ukurasa mmoja tu: wachanganuzi wawili, kila mmoja kivyake, wamesoma mahojiano yote na wameafikiana kwa kiwango kinachokubalika. Skander alikuwa ametia sahihi yake, pana, yenye mkia.

"Siwezi, Daktari. Hatukuafikiana."

"Tutaafikiana, au wataafikiana wengine." Sauti yake haikuwa kali. "Yosr wa mapokezi anajua kusoma. Nitamwekea mahojiano upande huu na lebo za Skander upande ule, na kabla ya chai ya jioni watakuwa wameafikiana kuliko mke na mume. Ripoti itatoka, Dalenda. Swali ni kama wewe utakuwamo au hutakuwamo."

Alimwacha alitazame swali hilo. Kisha akaongeza, kama mtu anayeongeza sukari:

"Mimi si mnyama. Katika kila sura huwa tunaweka kisanduku cha nukuu, sauti ya mwananchi mwenyewe. Takwimu ni mifupa, nukuu ndiyo nyama. Chagua nukuu moja kutoka Mtaa wa Juu. Moja, unayoitaka. Mwenye benki akiisoma mwenyewe, namba zetu zitamzuia nini?"

Dalenda aliyapima maneno hayo. Akikataa, Yosr angeketi kitini pake, na ripoti isingekuwa hata na neno moja kutoka mtaa wa mama yake. Akikubali, sentensi tatu zingepita. Zilikuwa sentensi nzuri. Mtu yeyote mwenye masikio angezisikia.

"Nzima?" aliuliza. "Haikatwi?"

"Binti yangu, mimi na wewe ni watafiti."

Akachagua maneno ya mama yake. Akatia sahihi.  Alikuwa ameshinda kwenye joto tangu asubuhi, na mwili wake, bila kumwuliza, ulikuwa umeshaanza kuufurahia ubaridi wa chumba kile.

Ripoti ilitoka Septemba. Daktari Chedly aliisoma katika hoteli moja ya Hammamet, mbele ya watu wa benki na watu wa Kampuni. Mwanamke mmoja wa benki aliuliza ni kaya ngapi zilikataa kujibu. Daktari alijibu kwamba katika jedwali lake hakuna nafasi hata moja iliyo tupu. Walimpigia makofi, kisha wakaenda kula samaki.

Skander alipata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari Lyon. Tasnifu yake inahusu namna ya kuisikiliza jamii.

Mpangaji wa kurasa aliona kisanduku cha nukuu ni kidogo na picha ya mtoto anayecheka ni kubwa. Akabakisha maneno mawili. "'Alhamdulillahi, tunakunywa.' Mama mjane, Mtaa wa Juu, Bir Sahla." Hakumwuliza mtu, na hakuna aliyemwambia kwamba palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Yosr alizitia nakala za ripoti kwenye bahasha na kuzipeleka posta.

Kampuni ilikuza ukurasa ule ukawa bango, ikalibandika kwenye ukuta wa manispaa ya Bir Sahla, juu kidogo ya mahali mkono unapofika. Wiki iliyofuata mabomba yakafika, na kisima cha pili kikajengewa uzio.

Hafsia alilisoma bango kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Hakutaja jina. Mtaa mzima ulijua ni nani aliyezungumza na kinasa sauti, na ni mwana wa nani aliyekuwa humohumo ndani.

Dalenda alirudi nyumbani mwezi wa Oktoba, mkataba wake ulipokwisha. Mama yake alimpokea mzigo mlangoni. Asubuhi walichukua madumu na kwenda kupanga foleni kwenye lori la maji, kama watu wote wa Mtaa wa Juu sasa. Dalenda aliwaamkia wanawake waliokuwa mbele, mmoja mmoja, kwa majina yao. Hakuna aliyejibu. Mabrouka alisogea kando kidogo ili mwanawe apate mahali pa kuweka dumu. Wanawake waliokuwa nyuma wakapiga hatua mbele, wakaliziba pengo, na foleni ikaendelea bila wao.