Samy na Pombe ya Sûr

Mudogo wangu Samy, mwenye kuchimba cobalt kule Kasulo, kichwa yake ni nguvu bibaya, yaani sana sana. Mi ni dada yake, Jocelyne, niko na haki ya kusema hivyo.

Siku ya kupeleka pombe ya posa kwa wazazi ya Falonne, binti mwenye alitaka kuoa, nilimwambia anunue casier, sanduku muzima ya chupa, ya ile pombe kila mutu anajua. Akakataa. Baba ya Falonne, Tata Mukalay, alifanya kazi ya kampuni mpaka pension, na alikuwa anaimba kila mahali kama hatatoa binti yake kwa creuseur, muchimbaji kama Samy. Basi Samy akaenda supermarché, akarudi na chupa moja kubwa ya Ulaya, imeandikwa "bière sure". Akanionyesha kwa kiburi kama hii ni pombe ya sûr, ya kuaminika, na muzee akisoma tu atajua mukwe wake ni mutu wa sûr. Nami mujinga nikamwamini.

Tukafika kwao Kapata. Kwetu binti njo anaonja wa kwanza. Akimaliza glasi na kumpa baba yake, amekubali. Akikunja uso, amekataa, na wageni banarudi kwao.

Falonne akaonja. Yesu wangu! Jicho moja ikafunga, mudomo ikajikunja, mabega ikapanda mpaka kwa masikio. Shangazi yake, Mama Fidélie, anafundisha kifaransa. Akavaa miwani, akasoma chupa, akatuambia polepole kama hii *sure* haina kofia juu ya *u*, na bila kofia maana yake ni chachu tu. Nilisikia haya mpaka kwa vidole vya miguu.

Tata Mukalay alifurahi, sikufichi. Akauliza kwa sauti watu bote basikie.

"Falonne, umekataa?"

Falonne akashika glasi, akakunywa, machozi inashuka, akakunywa tena mpaka ikaisha. Akajaza ingine, akapiga magoti, akampa baba yake kwa mikono mbili.

"Tata, kama nimeweza kumaliza hii sababu ya Samy, kitu gani tena itanishinda?"

Muzee akaonja. Uso yake yote ikaenda upande moja. Nikaogopa tumemuua. Kisha akamtazama Samy kwa huruma, mara ya kwanza tangu tumjue.

"Mutoto yangu anakupenda bibaya," akasema. "Muchukue."