Kesi ya Wodi ya Wanaume

Walipomfuata nyumbani kumwomba awe mshauri wa tamthilia yao, Rula aliwauliza swali moja: vitanda atatandika nani? Mwongozaji, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyekaa sebuleni kwa watu na kofia kichwani, akajibu kwamba kuna watu wa mapambo.

"Basi hao watu wa mapambo niletewe kwanza mimi," akasema Rula. "Na wewe vua kofia, baba. Humu ndani hakunyeshi."

Ndivyo alivyopata kazi.

Jina la Rula alipewa na wanafunzi wa uuguzi, kwa sababu alikuwa akipita kitanda kwa kitanda na rula mfukoni, akipima shuka ilivyokunjwa upande wa kichwani. Ikizidi au ikipungua nusu inchi, anaivuta yote chini, unaanza upya. Alistaafu akiwa metroni, mkuu wa wauguzi wote, na miaka kumi baadaye jina lilikuwa bado linamfuata hadi sokoni.

Tamthilia ilihusu wafanyakazi wa hospitali ya ufukweni, miaka arobaini iliyopita, na ilipigwa picha palepale kwenye majengo ya zamani. Hospitali yenyewe ilikwishahamia upande wa juu wa mji. Huku chini chumvi ilikuwa imekula bawaba, na madirisha yanayotazama bahari yalikuwa hayafungi tena. Wodi ya wanaume ikapakwa chokaa, vitanda ishirini na vinne vya chuma vikapigwa rangi nyeupe, na Rula akaanza kufundisha. Aliwafundisha waigizaji kushika sindano ya kioo, kukung'uta kipimajoto kabla ya kukitumia, kusimama wima daktari mkuu akiingia. Aliyekosea alirudia. Aliyecheka alirudia mara mbili.

Wakati wa mapumziko alimsimulia mwandishi wa tamthilia visa vya zamani. Mwandishi alikuwa mama mmoja mpole, kalamu mbili zimechomekwa nyweleni, aliyejua kunyamaza mpaka mtu mwingine aseme. Kisa kimoja kilimkaa moyoni.

"Kulikuwa na muuguzi mmoja," Rula alimwambia, bila kumtaja. "Aliiacha wodi ya wanaume asubuhi, haina mtu, dakika ishirini na tano. Mpishi mmoja wa meli, aliyepasuliwa ngiri siku mbili kabla, akainuka kufuata maji, akaanguka, nyuzi zikafumuka. Mimi nilipita kuazima stendi ya dripu, nikamkuta sakafuni. Nikaandika ripoti."

"Mpishi alikufa?"

"Thubutu! Alishonwa upya, akakaa wiki tatu nyingine analalamikia chakula chetu. Muuguzi ndiye aliyepelekwa zahanati ya mbali kuliko zote. Miaka kumi na moja."

"Na alikuwa ameenda wapi?"

"Anajua mwenyewe," akasema Rula, akafunga mdomo.

Wiki ya tatu sauti yake ikakauka kwa kukaripia watu. Mwongozaji akaona mshauri mmoja hatoshi, akaulizia wastaafu wengine wa hospitali ile. Jumatatu iliyofuata akashuka garini mama mmoja mnene, mchangamfu, akamsalimia kila mtu kuanzia mlinzi wa geti. Rula alikuwa wodini, kamgeuzia mgongo. Alimjua kwa cheko kabla hajamwona uso.

Alikuwa Chiriku. Waliitana hivyo tangu chuoni, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Walisoma pamoja, wakalala chumba kimoja bwenini miaka mitatu, sabuni moja wakiikata kwa uzi ili kila mtu apate nusu yake. Na ndiye yule muuguzi asiyetajwa. Miaka thelathini na minane walikuwa hawajasemezana.

"U mzima?" Chiriku akamwuliza.

"Mzima. Na wewe?"

"Tunasukuma."

Siku hiyo hayakutoka mengine. Lakini kuanzia kesho yake ikawa wazi kwa kila mtu kwamba wale mama wawili hawapikiki chungu kimoja. Rula akisema mkanda wa mwanafunzi ulikuwa wa kijani, Chiriku anasema wa bluu. Rula akisema dawa ziligawiwa saa mbili, Chiriku anasema labda kwenye wodi yako. Mshona nguo alichoka kuwangoja wakubaliane, akashona mikanda ya rangi zote mbili na kuitundika ukutani. Wapiga kamera walikuwa wakipashana habari za magomvi yao kila asubuhi kama watu wanaofuatilia mechi.

Alhamisi zikagawiwa kurasa za kipande kipya. Chiriku alikuwa amesahau miwani, akazisoma akiwa ameunyoosha mkono wote mbele. Alisoma hadi mwisho, akazikunja mara nne, akazitia mkobani. Asubuhi nzima hakusema neno. Fundi wa taa akamwuliza kama anaumwa.

Kipande kilikuwa cha ofisini kwa metroni. Binti aliyeigiza muuguzi anasimama mbele ya meza, metroni anamsomea ripoti, anamwuliza alikuwa wapi, binti anajibu kwamba hana la kusema, anahamishwa. Walifanya mazoezi mara mbili. Mara ya tatu binti akaishusha mikono.

"Mimi sielewi," akasema. "Unga wangu unamwagika hivi hivi nauona, halafu nasema sina la kusema? Kwa nini? Kama nilikwenda kwa mwanamume, nitaona haya. Kama nilikwenda kulala, nitalia, nitaomba radhi. Niambieni nilikuwa wapi, ndipo nitajua nisimame vipi."

Mwandishi akamtazama Rula. Rula akatazama dirishani.

"Basi tuweke mwanamume," mwongozaji akasema. "Watazamaji watapenda."

"Alikuwa chumba cha dobi."

Sauti ilitoka nyuma, kwenye kiti cha ukutani. Wote wakageuka. Chiriku alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Alikuwa chumba cha dobi," akarudia, "ananyonyesha."

Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Akaendelea, bila kuharakisha, akimwambia yule binti peke yake, kama anayempa maelekezo ya kazi.

"Ana mtoto wa miezi miwili, na hana mume. Siku hizo muuguzi asiyeolewa akizaa, anafukuzwa, na cheti ananyang'anywa. Kwa hiyo mimba ameificha chini ya aproni. Karibu na kujifungua akaomba likizo, akasema mama yake ni mgonjwa. Mke wa dobi ndiye anayemlea mtoto, pale kwenye mashuka, nyuma ya mashine. Kila siku saa nne muuguzi anashuka ngazi za nyuma, ananyonyesha, anarudi. Dakika kumi. Siku ile mtoto alikuwa na homa, hakutaka kuachia ziwa. Umeelewa? Sasa uko mbele ya metroni. Ukisema umetoroka zamu, utahamishwa. Ukisema una mtoto, umekwisha. Hulii. Unahesabu tu, unachagua lipi dogo. Na maziwa yanakuvuja, kwa hiyo mikono unaikunja hivi, kifuani, metroni asione. Yeye ataona jeuri. Mwache aone jeuri."

Binti akakunja mikono. Alibaki hivyo, kidevu juu kidogo, na mwigizaji wa metroni, mama mzoefu aliyekuwa akila njugu tangu asubuhi, akaacha kutafuna.

"Tupumzike dakika kumi na tano," akasema mwongozaji. Kofia alikuwa ameivua.

Rula alitoka kwenye baraza ya upande wa bahari. Akakaa kwenye ukingo wa saruji ambao zamani aliwakataza wagonjwa kuukalia. Alikumbuka ile mikono iliyokunjwa. Yeye alikuwemo ofisini siku ile kama shahidi, na miaka yote kilichomuuma zaidi ni mikono ile. Alijiambia: mpishi wa watu kakaribia kufa, na huyu kasimama na kiburi.

Chiriku akamfuata, akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Ungeniambia," Rula akasema.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Rula alifikiri. Angeweza kusema uongo mzuri, na watu wawili waliokula chumvi nyingi kama wao wangeumeza wakasonga mbele. Lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Ningeandika vilevile," akasema. "Mtu alikuwa sakafuni anatoka damu."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Ndani fundi alikuwa anaburuta nyaya za taa.

"Kuna jambo jingine," Rula akasema. "Mwaka ule ulihama bweni la wauguzi. Ukasema unakwenda kukaa kwa shangazi yako. Hukuniambia mpaka nilipokuta kitanda chako kitupu, na godoro limekunjwa. Nikaona umepata marafiki wa maana kuliko mimi. Ile ripoti ilikuwa ya haki, lakini ningeweza kuandika mistari mitatu. Niliandika kurasa mbili."

"Nilisomewa zote," Chiriku akasema. "Uliandika hadi kwamba kofia yangu ilikuwa imekaa upande."

"Ilikuwa imekaa upande."

"Si nilikuwa natoka kunyonyesha, jamani!"

Chiriku alianza kucheka, cheko lake lilelile, na Rula akajikuta anacheka naye, kisha akaona kwamba hacheki. Akatoa kitambaa. Alifuta macho, akapenga, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe.

"Nisamehe zile kurasa," akasema. "Ripoti siwezi kuombea msamaha."

"Kurasa nimesamehe," Chiriku akasema. "Ile ripoti nitaifikiria. Miaka kumi na moja, mwenzangu. Kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima."

Mwandishi akatokea mlangoni, akasimama mbali kidogo. Alitaka ruhusa. Alisema wanaweza kubadilisha mambo, mtoto awe wa kike, chumba kiwe jikoni, asijulikane mtu. Chiriku akasema kuna mmoja wa kuulizwa kwanza, akatoa simu.

Mwanawe alikuwa mpima ardhi, baba wa watoto watatu. Alijua kwamba alizaliwa kabla mama yake hajaolewa, lakini ya chumba cha dobi hakuwahi kuyasikia. Chiriku alimweleza palepale barazani, Rula akiwa ubavuni pake, anajifanya anatazama maji. Maelezo yalikuwa marefu. Alipomaliza, aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Mama," hatimaye mwanawe akasema, na Rula akasikia, maana simu ilikuwa ya sauti kubwa. "Miaka yote hii nilidhani ulipelekwa kule kwa sababu ya mdomo wako."

"Mdomo wangu una nini?"

"Waambie waigize. Na wasiniweke jikoni. Kama nilikuwa kwa dobi, nikae kwa dobi."

Mchana walipiga picha. Binti alisimama mbele ya meza, akakunja mikono, akasema hana la kusema, na safari hii hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ilichukua mara mbili tu. Mara ya kwanza iliharibiwa na Rula, aliyepiga kelele katikati kwamba ripoti imeshikwa juu chini.

Waliendelea kubishana hadi wiki ya mwisho. Mkanda ulibaki kuwa na rangi mbili, na kwenye tamthilia ukichunguza utaona wanafunzi wengine wa kijani, wengine wa bluu. Lakini mchana walikuwa wanakula kwenye meza moja, na Chiriku akisahau miwani Rula alimsomea.

Kipande chao kilirushwa miezi mitano baadaye, Jumapili saa kumi jioni. Rula alialikwa kwa Chiriku. Alibadilisha nguo mara tatu, akafika mapema, akazunguka mtaa mzima mara moja ndipo akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa mwanamume mrefu, mvi zimeanza kumwota juu ya masikio.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba, baba," akasema Rula, na mkono wa yule mtu akaushika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa salamu. Kwenye kurasa zake mbili mtu huyu hakuwamo. Aliandika tu kwamba muuguzi hakuwepo.

Sebuleni palijaa. Mke wa mpima ardhi alimpisha kiti chenye mto, akaingiza vikombe. Chiriku alimtambulisha kwa majirani kama mwenzake wa chuo, akaishia hapo, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza. Tamthilia ikaanza. Metroni aliposoma ripoti, mjukuu mdogo wa kike, wa miaka sita, aliyekaa chini karibu na miguu ya Rula, akakasirika.

"Nani kamsemea?" akauliza. "Nani kaandika?"

Watu wazima wote wakatazama vikombe vyao.

"Mimi," akasema Rula.

Mtoto akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka.

"Kwa nini?"

"Mgonjwa alikuwa ameanguka."

Mtoto akalifikiria hilo. "Alipona?"

"Alipona."

"Haya," mtoto akasema, akageukia runinga, na baada ya muda, kwa kuwa mgongo ulikuwa umechoka, akauegemeza kwenye miguu ya Rula. Rula alikaa bila kusogea hadi majina ya waigizaji yalipomalizika kupita, ingawa mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kitambo.